Sikio la Tepu

Mume wangu ni fundi umeme wa magari, na mtaa mzima unamwita Polepole. Wenyewe wanadhani wanamtania. Mimi ninayeishi naye nawaambia huo si utani, ni ukweli mtupu. Gari likiletwa limekufa, mafundi wengine wanakimbilia spana; yeye anavuta kistuli, anakaa, anamuuliza mwenye gari, "Lilianzaje?" Atauliza mpaka mtu ajute kununua gari.

Lakini kazi anaijua, sitamnyima haki yake. Ana taa ndogo ya kupimia, ncha yake kali na nyuma ina waya wa kubana kwenye bodi ya gari. Anagusa hapa, anagusa pale. Ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, ameshajua pa kutafuta. Akiupata waya mbovu haushughulikii papo hapo. Anauzungushia tepu nyeusi, ile ya kitambaa, na ncha ya tepu anaikunja ibaki imechomoza. Anaiita sikio. Anasema waya ukishapata sikio umeshajulikana, hata gizani utaupapasa na kuukamata. Halafu siku akipata nafasi anaufungua, anauunga kwa risasi ya kuyeyusha, na kuufunga moja kwa moja, bila sikio.

Tatizo ni hiyo nafasi. Pasi yangu ya nguo ilipata sikio kitinda mimba wangu akitambaa. Akaja akasimama, akatembea, akaanza kukimbia, mimi bado naupinda waya hivi na vile ndipo pasi ipate moto. Nikimkumbusha, ananijibu, "Shida nimeshaijua, mama watoto. Kilichobaki ni kuunga tu." Wanasema mganga hajigangi. Hawasemi lolote kuhusu mke wake.

Basi, likaja gari la Marashi.

Jina hilo nimempa mimi. Ni mshonaji, ana duka lake la nguo barabara ya juu, na akipita mahali utajua kapita hata kama ulikuwa umelala. Yeye na mume wangu wamekulia mtaa mmoja. Tena nisimung'unye maneno: kabla yangu mimi, posa ya mume wangu ilipelekwa kwao, ikarudishwa. Walitaka mwenye uwezo. Wakampata, wakamwoza, mwenye uwezo akafariki, na katika vyote alivyoacha likabaki gari la zamani la gia za otomatiki. Haya nilisimuliwa na mama mkwe kwa mdomo wake, siku ya kwanza niliyompikia. "Ingekuwa si wewe hapa," akasema, akacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile mpaka leo hakijashuka vizuri.

Ugonjwa wa gari ulikuwa hivi. Linakwenda vizuri, gia zinapanda zenyewe, mara taa kwenye dashibodi inaanza kupepesa na gari linang'ang'ania gia ya tatu. Mlimani linaguna tu. Ukilizima na kuliwasha tena, linatulia kama halijawahi kufanya kosa maishani. Fundi wa giaboksi alitaka kuishusha yote aweke nyingine. Mume wangu akakataa katakata. "Giaboksi haina kosa," akasema. "Kuna umeme unakatika njiani. Kompyuta ikikosa mawasiliano na gia inaogopa, inajifungia namba tatu ili mtu afike nyumbani."

Maneno mazuri. Ila kufika nyumbani ndiko kulikoanza kumshinda yeye mwenyewe.

Kwa maelezo yake, gari la umeme wa kukatika huwezi kulipima limesimama. Lazima uliendeshe mpaka likosee. Basi kila Jumamosi Marashi anashika usukani, mume wangu anakaa kando yake na taa yake mapajani, wanazunguka mji. Wanapanda, wanashuka, wanazunguka tena. Anarudi nyumbani shati linanukia. Na shati nafua mimi.

"Bado?" namuuliza.

"Bado. Leo limekwenda vizuri kutwa."

"Sasa kama limekwenda vizuri, mlikuwa mnatafuta nini?"

"Ndiyo hapo," ananijibu.

Ndiyo hapo! Mwanamke aliyewahi kujibiwa hivyo na mumewe anajua nilivyolala usiku ule. Halafu Jumamosi iliyofuata nikamwona mbele ya kioo ananyoa ndevu. Jamani, mtu anayekwenda kulala chini ya gari anamnyolea nani? Niliona wivu, sifichi. Niliona wivu mpaka chakula kikanishinda. Mume ninaye mmoja, nimemzalia, nimezoea hata upole wake unaokera, na nilimwona anaondoka mikononi mwangu polepole, kama anavyofanya kila kitu.

Nikajikaza kisabuni wiki ile. Jumamosi ilipofika nikavaa gauni langu jema, nikawatangulia gereji. Marashi aliponiona akapanua mikono.

"Wifi! Karibu sana, wifi!"

Wifi? Uwifi wetu umetoka wapi? Kaka yako yupi aliyenioa? Lakini nikatoa meno nje. "Ahsante, dada. Leo naomba lifti, mnishushe sokoni."

Mume wangu alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akakimbilia kunifungulia mlango wa nyuma. "Pita huku, mama watoto. Mbele nina mawaya yangu."

"Mawaya hayachoki kukaa nyuma," nikamwambia. "Kaa nayo huko."

Nikakaa mbele. Mimi si mwembamba kama mume wangu, Mungu kanijalia, na kiti kikashuka mpaka kikaguna. Tukaondoka. Hata kona ya kwanza hatujafika, taa ya dashibodi ikaanza kupepesa na gari likawa zito.

"Haya, limeanza!" Marashi akasema. Akasogea kando ya barabara, akazima, akawasha. Taa ikatulia. Mimi nikainama mbele niitazame vizuri, nikaona imezimika kabisa. Nikajiegemeza tena. Ikapepesa.

Nikainama, akazima na kuwasha, ikatulia. Nikaegemea. Ikapepesa.

Sijasomea umeme, lakini nimeolewa nao. Nikamgeukia Marashi, nikamuuliza kwa sauti ileile ya kistuli, "Lilianzaje hili? Ukiwa peke yako linakusumbua?"

Akafikiri. "Peke yangu, mara nyingi hapana. Linanitesa siku za kwenda kuchukua vitambaa."

"Vitambaa unaviweka wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa, wifi. Ni mizigo mizito, siwezi kuibeba mpaka nyuma."

Nikajiuliza: huyu wa nyuma, anayewauliza watu mpaka wachoke, hili hakumuuliza?

Nikashuka. Gari likawashwa, likatulia. Nikakaa kwa uzito wangu wote, taa ikawaka. "Kumbe shida naikalia!" nikasema, na Marashi akacheka mpaka akaegemea usukani. Na mimi nikacheka, maana lilichekesha. Mume wangu hakucheka.

"Tutaangalia wiki ijayo," akasema. "Kutoa kiti ni kazi ndefu."

"Boliti nne tu hizo," nikamjibu. "Spana unazo hapo miguuni. Shuka."

Akashuka. Akafungua kiti, nikamsaidia kukitoa, tukakiweka kando ya barabara kama tunahama. Nikainama na kufunua zulia mwenyewe, kabla hajanyoosha mkono. Chini kulikuwa na vumbi la miaka, vifungo, sindano yenye uzi, na fungu la nyaya zinazopita chini ya reli ya kiti kwenda kwenye kompyuta ya gia. Reli ilikuwa imezikandamiza. Kila uzito mkubwa ukikaa, waya mmoja unabanwa na shaba yake ya ndani inaachana.

Huo waya niliujua bila kuonyeshwa. Ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi ya kitambaa. Kila kitu mle kilikuwa na vumbi isipokuwa tepu. Na ncha yake ilikuwa imekunjwa, imechomoza.

Nikalishika lile sikio kwa vidole viwili. Mpaka hapo wivu wangu ulikuwa wa kubahatisha, wivu wa shati na ndevu. Sasa nilikuwa nao mkononi.

"Umeona nini, wifi?" Marashi akauliza begani kwangu.

Nikamtazama usoni kwa makini, na nikaona hajui kitu. Macho yake yalikuwa kwenye nyaya, yamejaa matumaini. Mwenzangu alitaka gari lake lipone, basi. Aliyekuwa anataka Jumamosi zisiishe ni mtu wangu. Heri ningemkuta na yeye mwongo, maana ningekuwa na wa kumrarua.

Matusi yalikuja mpaka kwenye meno. Nikayameza. Sikuzaliwa kumwanika mume wangu barabarani, mbele ya mwanamke aliyemkataa.

"Waya umekatika kwa ndani," nikasema. "Fundi anauunga sasa hivi." Nikamwangalia mume wangu. Akaangalia chini, na nikajua amejua kwamba nimejua.

Akafungua boneti, akachukua umeme wa betri, akapasha moto kichuma chake cha kuyeyushia risasi. Mimi nikamshikia tochi. Akalibandua sikio, akaunga waya, akazisogeza nyaya zote mbali na reli. Akachukua tepu, akazungusha, na alipofika mwisho nikaona kidole gumba kinaanza kuikunja ncha. Labda ni mazoea tu. Sikusubiri kujua.

"Lete," nikasema.

Nikaivuta tepu, nikaizungusha tena na tena mpaka waya ukanenepa, nikaikata kwa meno. Ncha nikaibandika na kuikandamiza kwa dole gumba, nikaikandamiza mpaka kidole kikauma. Haikuchomoza hata uzi.

"Kumbe wifi naye ni fundi!" Marashi akasema.

"Nimejifunzia nyumbani," nikamjibu.

Kiti kikarudi, nikakaa, tukapanda mlima wote gia zikibadilika kwa raha zake. Akatushusha mlangoni kwetu, akatushukuru mpaka akashika mikono yangu, nikabaki na harufu yake viganjani. Mume wangu akanifuata ndani.

"Pasi," nikamwambia.

Aliiunga hapo hapo, amesimama, bila kuuliza ilianzaje. Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo, na hatujalizungumza mpaka leo. Sokoni kwenyewe sikwenda.

Marashi sasa anapita na gari lake, ananipigia honi, "Wifi!" Nami nampungia. Lakini kila Jumamosi mume wangu akirudi kazini, kabla sijamwandalia chakula, namtoa ile tepu mfukoni na kuipima kwa kidole imepungua kiasi gani, isije ikawa kuna sikio jingine mahali. Naye anasimama palepale mlangoni, mikono pembeni, ananiacha nipime.