Zaburi juu ya Vitanda vya Ndagala

Ziwa lilipanda tena, na asubuhi tukakuta maji ndani ya chumba cha vitabu cha monasteri. Si vitabu vya duka. Watawa wa zamani waliviandika kwa mkono, zaburi na nyimbo kwa Kirundi na Kiswahili, herufi za kwanza nyekundu kama midomo ya bibi arusi. Mchana ule Frère, mtawa anayevitunza, alikuwa anangojea mkubwa mmoja wa utalii kutoka Bukavu. Akikuta viko salama, vitabaki Uvira, na watalii watakuja kuviona hapa hapa. Akikuta vimeharibika, anavipakia kwenye gari avipeleke Bukavu.

Tuliitwa wanafunzi wa shule ya jirani tuvitoe. Kitabu kikubwa cha nyimbo kilichuruzika maji mpaka kwenye viatu vyangu.

"Frère, pale chini iko vitanda vya ndagala," nikasema. "Upepo unapita juu na chini. Kama samaki inakauka, zaburi nayo itakauka."

"Weye, mudomo yako itakufikisha kubaya." Lakini hakuwa na wazo lingine.

Mama mwenye vitanda vile vya kuanikia dagaa ufukweni akauliza, "Na ndagala yangu niweke wapi, kwa kichwa ya Frère?" Hata hivyo aliisogeza upande mmoja, akatupatia na bashi, turubai la plastiki, tutengeneze kivuli.

Tulifungua vitabu taratibu, tukaweka vijiwe juu ya kurasa. Paka akaja. Nikamwambia ni Kwaresima, aende. Hakuna aliyecheka. Upepo wa ziwani ulikuwa unaongezeka, bashi inapigapiga, Frère anakimbia huku na huku na kanzu yake. Kisha karatasi moja ya kile kitabu kikubwa ikachomoka kwenye uzi, ikaruka, ikatua majini.

Niliingia na uniforme yangu mpaka kiunoni. Niliipata, rangi nyekundu ikinitiririkia vidoleni. Nilipogeuka, gari lilikuwa limefika.

Mgeni aliinama, akanusa. "Hii inanuka ndagala."

"Ni manukato ya Tanganyika, papa," nikamwambia mzee yule.

Frère alifumba macho. Nilitamani kuumeza ulimi wangu.

Mgeni akafunua kurasa kwa ncha ya kidole, kitabu kimoja, kingine, kingine. Sote tulikuwa tunaangalia kidole.

"Nani aliwaza mambo ya vitanda?"

"Ni miye," Frère akajibu haraka, kabla sijafungua kinywa.

"Hivi vimepona. Vibaki, lakini leo leo vipandishwe ghorofani. Hiki kikubwa ninaenda nacho, kikatengenezwe."

"Kitarudi?" Frère akauliza.

"Kikitengenezeka."

Frère akachukua karatasi mkononi mwangu. Namba yake ilikuwa imefutika. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo baada ya wimbo, ajue ukurasa ule unafuata upi. Alipopata mahali pake akaupachika, akakifunga kitabu. Akaendelea kukishika tu. Mgeni alikuwa amekwisha kunyoosha mikono akipokee.