Pori Lililonyamaza

Tulikuwa wanne siku ile katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Rukia, pale Masasi: Mama Rukia mwenyewe, mwanawe Rajabu, mdogo wangu Zuhura na mimi. Chumba kilinuka petroli ya jenereta na mitumba iliyofunguliwa karibuni, maana ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya ng'ambo vikaanza kutufikia. Mama yetu alikuwa amefariki zamani. Baba alichukuliwa na simba mwaka uliotangulia, akimsindikiza Zuhura shuleni. Tangu hapo mtoto hakukanyaga darasani. Mimi niliacha shule darasa la tano ili nimlee, na sikuwa tayari kumwona naye anabaki na jembe. Niliposikia Rajabu akijisifu kwamba katika gemu lake la runinga simba huuawa kwa kubonyeza tu, nikamleta Zuhura amuue simba huyo kwa mkono wake, woga umtoke arudi shule.

Kwenye runinga likatokea pori la akiba la nchi ya joto: nyasi ndefu kupita mtu, michikichi kando ya mto, nyati wakinywa maji, tembo wakipita mbali kama vivuli. Ndege na nyenze walilia bila kupumzika. Hapakuwa na shamba, moshi, wala unyayo wa mtu. Zuhura akashika kidude chenye vitufe, akaenda polepole, kisha akasimama.

"Piga basi! Umekuja kuchunga mbuzi?" Rajabu akamcheka.

"Mwache mwenzio," Mama Rukia akasema.

"Dada," Zuhura akaninong'oneza, "nyenze wamenyamaza. Yupo."

Kweli, ilibaki sauti ya jenereta tu. Nyati walikuwa wametoweka mtoni. Kwetu, mkiwa njiani, mnyama yule hatajwi jina. Kumtaja ni kumwita. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nikadhani ni woga huo tu. Nikapaza sauti: "Simba yuko wapi hapa? Simba! Songa mbele!"

Zuhura akasonga. Nyasi zikapasuka, simba akaruka, runinga nzima ikawa nyekundu. Mama Rukia akataja jina la Mungu. Zuhura hakulia. Aliweka kidude sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Hukunisikiliza. Baba naye hakunisikiliza."

Kuanzia kesho yake nilimsindikiza mwenyewe, kila asubuhi, mpaka akamaliza darasa la saba. Akisimama njiani, nami nilisimama, hata kama jua limepanda na palizi inaningoja. Leo ana nyumba yake Kitangari, na pori la njia ile ya shule limekuwa mikorosho mitupu. Wanangu wanawinda simba kwenye simu huku wanakula. Watu husema nilimlea vizuri, nami naitikia kwa kichwa. Lakini mtoto wa miaka tisa alisikia kitu njiani asubuhi ile baba alipochukuliwa, akamwambia, na baada ya mazishi hakuna aliyemuuliza alisema nini. Nimekwenda Kitangari mara nyingi na swali hilo mdomoni. Tunapika, tunakula, tunacheka, kisha narudi nalo. Deni hilo bado sijamlipa.