Maneno Niliyomwongezea Mmarekani

Watu wa kanisa letu bado wanasema gazeti ndilo lililotumaliza. Mimi nilisema hivyo kuliko wote, kwenye basi, kazini, mpaka kwa watu ambao hawakuniuliza. Siku hizi mtu akianza hiyo stori nanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si kazi yangu.

Tulikuwa tunakusanyika Edmonton, kaskazini mwa Landani, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Wengi Wakenya, familia chache za Kongo. Manesi, walezi wa wazee, na sisi wa maghala. Ibada ikiisha tunapiga deki, maana Jumatatu watoto wanakula pale. Pasta wetu siku za wiki alikuwa dereva wa basi. Nilipofika Landani sina mtu, ndiye aliyenilaza kwenye kochi lake miezi minane, na hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Kwa hiyo ukimsema vibaya mbele yangu, mimi na wewe tumemalizana. Kuna kazi niliachishwa sababu ya hilo, na sijutii.

Kanisani nilikuwa mkalimani. Kiingereza changu hakikutoka darasani, nilikiokota maktaba ya mtaa na kwenye redio, vile vipindi vya watu kupiga simu kubishana. Na mkalimani kwetu hasimami kama nguzo. Mhubiri akiinua mkono, nawe unainua. Akipaza sauti, unapaza. Akiwa baridi unamtia moto, halafu kwenye chai kina mama wanakwambia, "Leo ulihubiri kumshinda mwenyewe."

Basi akaja huyo mgeni kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani. Pasta alimjua kwa kaseti zake za ndoa na malezi, alizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza. Kumbe jamaa alikuwa na jambo lingine. Yeye na wenzake walitaka Wakristo wahamie jimbo moja, wajae mpaka washinde kila uchaguzi, wapige marufuku kutoa mimba na ndoa za jinsia moja. Washington ikikataa, jimbo lijitoe, liwe nchi yake. Alilieleza taratibu kama mtu anayeuza bima. "Serikali ikiamuru kile Mungu anachokataza," akasema, "tutaondoka kwa amani."

Ukumbi ulikuwa umelala. Mzee mmoja mstari wa mbele alipiga miayo nikaona meno yote. Nikasogeza maiki nikasema kwa Kiswahili: "Tutajitenga. Na sisi hapa Edmonton tutajitenga. Watoto wetu tutawatoa kwenye hizi shule za uchafu, na serikali yao hatuitii tena."

Watu wakasimama. Makofi, vigelegele. Mmarekani akatabasamu, akadhani ni yake yote. Pasta alikuwa amekaa nyuma yangu na hakusema kitu.

Nyuma kabisa kulikuwa na mama wa gazeti la mtaa, kinasa sauti mapajani. Tulimkaribisha vizuri. Alikula chapati mbili, akauliza zinapikwaje. Baada ya wiki mbili picha ya pasta ikatoka ukurasa wa kwanza, mikono juu, mdomo wazi kama anamtukana mtu. Pembeni, yale maneno ya shule na serikali, yamegeuzwa Kiingereza, na imeandikwa ni yeye aliyeyasema. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu wazee wa mtaa tuliokuwa tunawapikia kila Alhamisi, wazungu watupu. Mwalimu mkuu akatupa notisi ya mwezi mmoja tuuache ukumbi.

Niliwaka. Niliandika barua saba. Wanahabari wanachukia Wakristo, niliandika, na Mkristo mweusi ndiyo kabisa. Nilikusanya sahihi mlangoni. Nikasimama mbele ya watu nikasema gazeti limetunga, kama ni wakweli watoe ushahidi. Na niliamini. Yale niliyosema kwenye maiki yalikuwa yamenitoka kichwani kama jasho.

Wakatoa. Bahasha ilifika kwa pasta, ndani kuna CD. Akaniita jikoni kwake, akaiweka kwenye redio. Mama pasta ile Jumapili alikuwa zamu, hakusikia ibada, kwa hiyo alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akasikiliza.

"Huyo si mume wangu," akasema. "Huyo ni wewe."

"Natafsiri tu, mama."

"Mzungu amesema ataondoka kwa amani. Hayo mengine umeyatoa wapi?"

Nikaruka kwa pasta. "Mbona basi wameandika ni wewe? Si unaona walivyo waongo?"

Pasta alikuwa anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. "Yule mama alinipigia simu kabla hajaandika. Aliuliza yule kijana wa maiki ni nani. Nikamwambia maneno ya madhabahu yangu ni maneno yangu, aandike mimi."

"Kesho naenda shuleni. Nitawaambia ni mimi."

"Makaratasi yako yamefika wapi?"

"Bado yako uhamiaji."

"Basi kunywa chai."

"Pasta, ungenikatiza siku ile ile."

"Watu walikuwa wameamka," akasema. "Nami nilifurahi. Usinifanye mtakatifu, kijana wangu."

Nilikunywa ile chai. Jumapili ya mwisho nilipiga deki ukumbi wote peke yangu, nikakataa kusaidiwa, na watu wakasema ona kijana anavyolipenda kanisa. Mmarekani akaandika barua pepe. Ameweka lile gazeti kwenye tovuti yake, watu wake waone jinsi vyombo vya habari vinavyotesa Wakristo, na anamshukuru pasta kwa maneno yake ya ujasiri. Hakuna aliyemjibu.

Makaratasi yangu yalitoka baada ya miaka miwili. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa pasta, nikamwambia sasa naweza kusema. Akaniuliza nitamwambia nani. Mwalimu mkuu alishahama, yule mama wa gazeti pia, na watu wetu wametawanyika, kila mmoja na kanisa lake.

Pasta anasali Ilford sasa, mashariki mwa Landani, kanisa la Kiingereza, amekaa nyuma karibu na mlango. Naenda kukaa naye Jumapili nisipokuwa zamu. Mhubiri wao anaongea polepole, anamaliza, tunasimama. Huko hawahitaji mkalimani.