Shangazi Bernice na Bolti Ngumu

Huku kwetu Keweenaw, kaskazini mwa Marekani, ukitaka kujua nani amemiliki mashine ya kurusha theluji kwa muda mrefu, tazama glavu zake. Hazijai vidole.

Anayezitengeneza mashine hizo ni shangazi yangu, Bernice Tervo, gerejini nyuma ya nyumba yake. Kiangazi hutengeneza za kukata nyasi, ambazo anasema ni jambazi yule yule aliyevaa kaptula. Mteja akija kutaka ushauri wa kununua, shangazi haanzi na habari za injini.

"Una hasira?"

"Sina. Mwenye hasira ni mke wangu."

"Basi mashine ushike wewe. Yeye mnunulie beleshi."

Ana sababu zake. Mbele ya mashine kuna meno ya chuma yanayozunguka na kuitafuna theluji. Meno hayo yameshikiliwa na pini laini, iliyotengenezwa dhaifu makusudi: yakikutana na jiwe, pini inakatika, meno yanalegea, nawe unalaani, unatia pini nyingine. Lakini wanaume wa huku hawapendi kitu kinachokubali kushindwa. Wanaitupa pini, wanatia bolti ngumu ya lori. Hapo meno yakikwama hayalegei. Yanabaki yamejikaza kama mtego wa panya, hata injini ukiizima, yakisubiri mtu wa kuyasaidia.

Marehemu mumewe, Clarence, aliyasaidia. Shangazi aliviokota vidole vinne kwenye theluji nyekundu, akavitia ndani ya kopo la kahawa. Hospitalini wakamrudishia kimoja, nacho kikashika kimepinda. Clarence alipotoka wodini alikuta mashine imekatwakatwa kwa shoka na mbwa yuko chini ya kitanda, hataki kutoka.

Sasa baba yangu, Dale, ni mdogo wake shangazi, na hasira anayo ya kugawia mtaa. Greda la mji likipita kusafisha barabara husukuma ukuta wa theluji kwenye mlango wa kila njia ya gari, na baba alizoea kuutafuna ukuta wetu na kuutemea ng'ambo ya barabara, kwa Gordy Ruona. Gordy alikuja kulalamika kistaarabu, yaani alimpiga baba ngumi kwanza, kisha akaeleza. Baba akamng'oa jino kwa kiwiko. Tangu siku hiyo kila dhoruba ikawa vita. Baba alilielekeza bomba la mashine kwenye madirisha ya Gordy, theluji pamoja na changarawe zake, vioo vikapasuka. Gordy naye akawa anafukia magogo ya kuni kwenye ukuta wetu. Pini za baba zikakatika kama njiti za kiberiti.

Jumamosi moja shangazi alikuja kwetu kuoga sauna, bafu letu la mvuke. Yeye huisalimu mashine kabla ya watu. Aliinama, akachungulia kwenye meno.

"Dale, hiki nini?"

"Bolti, dada. Wiki nzima haijakatika. Pini ulizoniuzia ni biskuti."

"Itoe."

"Nikimaliza."

"Itoe kabla sijakutoa wewe."

"Clarence alikuwa mlevi. Mimi niko macho."

Shangazi akamzaba kofi lililoipeleka kofia yake mpaka kwenye paa la gari. Baba akajifuta mdomo, akacheka, akawasha mashine, akaisukuma moja kwa moja ndani ya ukuta. Gordy alikuwa dirishani pake na kikombe cha kahawa, kama mtu aliyekata tiketi.

Gogo lilikuwa mahali pake. Mashine ikaguna, ikaruka, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikakwama. Baba akazima injini, akavua glavu ili ashike vizuri, akapeleka mkono.

Shangazi alikuja kwa mbio ambazo sijui alizificha wapi miaka yote. Alimpiga kikumbo, wakaanguka wote wawili. Baba akamtia ngumi ya mdomo, dada yake wa tumbo moja. Shangazi akamng'ata sikio, akampiga goti la kifua, akatema damu pembeni.

"Leta beleshi," aliniambia. Nikaleta. "Na wewe mpumbavu, kodoa macho."

Aliuingiza mpini pale ambapo baba alitaka kuingiza mkono, akalisukuma gogo. Meno yakaruka mara moja tu. Mpini ukakatika kama karoti, na kipande kikaja kumpasua baba paji la uso. Injini ilikuwa imezimwa kabisa.

Baba aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Nilidhani yamekwisha.

"Kesho nitatumia fimbo," alisema. "Lakini bolti haitoki."

Shangazi alikwenda kwenye gari lake, akarudi na nyundo ya kuvunjia mawe. Mashine ile aliiunda yeye mwenyewe kutokana na mizoga ya mashine tatu, akampa baba siku tulipohamia hapa. Alianza kuliponda bomba. Ikafuata kabureta. Baba akamkumbatia kwa nyuma kumzuia, akapata kiwiko cha pua, akakaa chini kwenye theluji. Pigo la mwisho lilipasua giaboksi, mafuta meusi yakamwagika.

Kisha akalichomoa gogo, akavuka barabara. Gordy akafunga mlango kwa ufunguo. Shangazi akalirusha gogo kupitia kioo pekee kilichokuwa kimebaki.

"Mali yako hiyo, Gordy."

"Bernice, naita polisi."

"Waite. Waambie waje na beleshi, njia imeziba."

Polisi hawakuja. Dhoruba ndiyo iliyokuja. Jumatatu greda lilituachia ukuta wa kufika kifuani, na baba alikuwa nje na beleshi jipya, pua imefungwa plasta, akimlaani dada yake kwa Kifini alichofundishwa na bibi yetu, ambacho chote ni matusi. Gari la shangazi likapita, likapunguza mwendo, kioo kikashuka.

Baba akavua glavu, akamwonyesha kidole cha kati.

Shangazi akasimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yake watu wakaanza kupiga honi.

"Nyanyua vizuri, hakionekani."

Baba akavua glavu ya pili, akamwonyesha na kingine.

"Na vilivyobaki?"

Baba alisita, kisha akakunjua vyote, mikono miwili juu kama mtu anayeporwa. Shangazi akavitazama kwa makini, kimoja kimoja, mpaka kumi. Akapandisha kioo, akaenda zake gerejini.