Makaburi Yetu Katika Picha ya Setilaiti

Mume wangu alikufa kwa homa, nyumbani, kabla vita havijafika kwetu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakisikia kuwa mimi ni mjane wa pande za Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, hudhani aliuawa. Hakuuawa. Alizikwa kwenye makaburi ya kijiji, ndani ya kichaka, karibu na mama yake, na kichwani pake pakawekwa jiwe la tumbawe lisilo na maandishi. Kwetu makaburi hayajengewi saruji wala kichaka chake hakikatwi. Wanaolima wanafika ukingoni, kisha wanageuza jembe.

Tulipokimbia, kaburi lilibaki. Huko ugenini niliiwaza nyumba mara chache. Kaburi nililiwaza kila siku.

Tuliporudi wakaja watu wa mradi wa barabara. Walitukusanya kwenye ofisi ya posto, yaani ya tarafa, wakatandika mezani picha kubwa ya kijiji chetu iliyopigwa na setilaiti. Fundi wao wa ramani alikuwa binti wa kusini, Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani. Alitueleza taratibu. Chombo kile kinaizunguka dunia, kinapita juu yetu na kurudi, na kila kikipita kinapiga picha. Picha nyingine hutolewa bure kwa ajili ya wanaochunguza mvua na misitu. Nyingine huuzwa, na hizo za kuuzwa huonyesha vitu vidogo zaidi.

"Kwa hiyo kinatuona tukioga uani?" jirani yangu akauliza.

"Kinaona ua, mama. Wewe hakikuoni."

"Afadhali. Mgongo wangu huu sijamwuzia mtu."

Tukacheka. Nikauliza kama mtu yeyote anaweza kununua picha ya nyumba yangu bila mimi kujua.

"Anaweza," binti akasema. "Huko juu hakuna mpaka wa nchi, mama. Wanapita bila kupiga hodi."

Nilimpenda kwa kutonificha.

Kisha akatuomba kila mtu aweke kidole juu ya kitu kilicho chetu, ili yeye asije akakisahau kwenye ramani. Vidole vikashuka kwenye visima, msikiti, mashamba, minazi. Mwishoni akauliza kama kuna kingine. Hakuna kidole kilichoshuka tena.

Ramani iliporudi, kichaka kilikuwa kimepakwa rangi ya pori tupu, na mstari wa barabara umepita katikati yake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeiona kwanza. Alikuja kwangu anahema.

"Shemeji, wanampitishia kaka trekta!"

Tukaenda wote wawili. Binti alitusikiliza mpaka mwisho, uso umembadilika.

"Lakini siku ile mlikuwa wengi. Mbona hakuna aliyenionyesha?"

Shemeji akatazama chini. Ikabidi nieleze mimi. Kwetu mtoto akinyoosha kidole kuelekea makaburini anapigwa mkono, anaambiwa kidole kitakatika. Tunakua hivyo na tunazeeka hivyo. Naye siku ile alituomba vidole. Tena tulidhani mtu anayeona mpaka paa la choo, makaburi alikwisha kuyaona.

Hakucheka. Akauliza, "Basi mtu akitaka kujua yalipo, mnamwonyeshaje?"

"Kwa ngumi," shemeji akasema.

"Nionyeshe kwa ngumi, baba."

Shemeji akakunja mkono wake, mkono wa kuvuta nyavu, akauweka juu ya picha.

"Umefunika hata msikiti."

"Msikiti usogeze wewe. Mimi ngumi yangu ndiyo hii."

Hapo binti alicheka, nasi tukacheka. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta picha za miaka ya kabla ya vita. Katika kila picha mashamba yalihamahama, kichaka kilibaki palepale. Kulikuwa na njia nyembamba kutoka msikitini mpaka ndani yake. Wanawake hatufuati jeneza. Njia ile niliijua baadaye, nilipokuwa nikienda kupalilia. Niliiona vile, ikiwa nyeupe bado, nikaifuata kwa macho mpaka ndani.

"Nionyeshe la mume wangu," nikamwambia.

Akaivuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka ikawa vipande vya rangi tu.

"Haifiki hapo, mama. Nisamehe."

Akachora mstari kukizunguka kichaka, akaandika maelezo, akayatuma kwa wakubwa wake. Hakutuahidi kitu. Baadaye barabara ilipindishwa. Sijui kama ni kwa maelezo yake au kwa sababu nyingine, maana yeye alikwisha kuhamishwa na hakuna aliyetueleza.

Tukaingia kichakani, shemeji na mimi. Mvua na miaka vilikuwa vimefanya kazi yao. Mawe mengine yalilala, mengine hayakuwepo. Shemeji akasimama mahali.

"Kaka yuko hapa."

Mimi nilimkumbuka mbele kidogo, upande wa mama yake. Nikamwambia.

"Shemeji, wewe ulikuwa nyumbani unalia. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea."

"Ulishuka siku moja. Mimi nimepalilia."

Lakini hata mimi sikuwa na hakika. Akasoma dua pale pake, nami nikasoma pangu. Alipomaliza akaja upande wangu akasoma tena, nami nikaenda upande wake.