Nilivyofunga email za majibu ya wagonjwa Rwamgasa, na faili nililokosea kutuma

Wakuu, salaam kutoka Rwamgasa. Majina nimebadilisha na wahusika wameniruhusu, mengine yote yamenikuta mimi mwenyewe. Nina furaha hadi vidole vinakosea kuandika.

Mimi ni mtu wa maabara kwenye kliniki ndogo huku machimboni. Watu wengi hapa wanakamatia dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma na moshi wake wanauvuta. Sisi tunapeleka mkojo wao Mwanza kwa daktari mmoja, mama mtu mzima, naye anarudisha majibu kwa email.

Shida ni kwamba email ya kliniki ni moja, inafunguliwa kwenye kompyuta ya mapokezi, na password ilikuwa imebandikwa pembeni ya skrini. Msinicheke.

Siku moja mtu akasoma majibu ya Baba Masanja, mchimbaji wa hapa. Kufika jioni stori imezagaa kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Wenzake wakamtoa kwenye duara, shimo walilokuwa wanachimba pamoja. Nilieleza wee kwamba zebaki haiambukizi, hakuna aliyesikiliza.

Watu wakaacha kuja kupima.

Aliyeniuma zaidi ni Mama Kulwa. Anachomea dhahabu jikoni kwake, mikono inamtetemeka, na ananyonyesha mapacha. Nikamfuata nyumbani.

"Nitakuja siku jina langu litakapokuwa halisomwi na kila mtu," akasema. Basi.

Nikaanza kuchimba mtandaoni. Kumbe Thunderbird, ile programu ya email ya kwenye kompyuta, inaweza kufunga ujumbe! Unatengeneza funguo mbili. Public key unampa mwenzako, anaitumia kufunga anachokuandikia. Private key inabaki kwako, na ndiyo pekee inayofungua.

Nikaiweka kwenye laptop yangu, nikaunganisha email ya kliniki, nikaingia: Account Settings, End-to-End Encryption, Add Key. Dakika chache tu, nikajiona injinia. Daktari nilishamwomba asubuhi hiyo naye aiweke kwake, nikamtumia faili la ufunguo.

Akapiga simu hapohapo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Mwanangu, hili faili limeandikwa secret. Kweli ni la kunipa mimi?"

Wakuu, nikarudi kuangalia nilichotuma. Nilikuwa nimetuma backup ya private key! Tena kwa email ileile ya kliniki. Mama wa watu kaanza kujifunza asubuhi ile, na kashaniokoa.

Ule ufunguo nikaufuta kazi, nikatengeneza mwingine, nikatuma wa public. Naye akatuma wake. Kisha tukasomeana fingerprint kwa simu, zile herufi na namba za kuhakikisha ufunguo ni wa mhusika kweli.

"B ya Bukombe."

"Ndiyo. Halafu D ya Dodoma."

Ziko arobaini, jamani!

Akaandika ujumbe wa kwanza. Kwenye laptop ukafunguka: "Mwanangu, unanisoma?"

Nikakimbia mapokezi kuufungua uleule kwenye kompyuta ya pale. Kichwa cha ujumbe, nukta tatu tu. Ndani, herufi zilizovurugika ambazo hata mganga hazisomi. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakasimama.

Nikamwita Mama Kulwa, nikamwonyesha skrini zote mbili.

"Jina langu likiandikwa humu, huyu wa mapokezi ataliona wapi?"

"Haoni kitu."

Akanyoosha mkono, akachukua kikopo cha kupimia.

Zebaki ilikutwa juu kuliko inavyotakiwa. Daktari akamwita Mwanza yeye na watoto, wanafuatiliwa. Kuchoma ameacha, anauza mboga na dada yake. Huku machimboni hakuna aliyemnyooshea kidole.

Nilichojifunza: soma jina la faili kabla ya kubofya send, na backup ya private key iweke kwenye flash unayoifungia mwenyewe. Siri ya mgonjwa ikishatoka hakuna wa kuirudisha, muulizeni Baba Masanja.

Anayejua namna ya kufanya hivi kwenye simu aandike hapa chini, na penye makosa nikosoeni bila huruma. Jumatatu wanakuja wanawake watano kupima, na mmoja ameuliza kama na yeye anaweza kuwa na funguo zake.