Kidole cha Nne

Hadi leo nikipita kijiji cha Pito, kule Ufipa, nageuza uso. Nilitumwa huko kupima damu ya watoto kwa ajili ya utafiti wa malaria. Kila nyumba nilimwuliza mwenyeji, "Mtoto huyu ni wa nani?" Akijibu "wangu", namtoboa kidole, naandika jina, naacha kipande cha zile sabuni za nje zilizojaa madukani siku hizi. Nilitazama vidole, sura sikuzitazama.

Nyumba tatu, siku tatu, vijidudu tele. Nikampelekea daktari wetu taarifa kwamba Pito kuna mlipuko. Akaja mwenyewe na gari la dawa.

Tukaingia pamoja nyumba ya nne. "Wangu," akasema mama mwenye nyumba. Binti yake akatoka, akaninyooshea mkono wenye alama za sindano kwenye vidole vitatu.

"Shikamoo mjomba. Leo kidole gani?"

Daktari akafungua daftari langu, akauliza mbona majina ni tofauti.

"Kwa bibi yake anaitwa jina la ukoo, kwa dada yangu la ubatizo, kwa mdogo wangu la shule, hapa la utani," mama akajibu kwa utulivu, kisha akanigeukia. "Mtoto wa dada si wako? Kwani wewe si Mfipa?"